Salamu za Mumewe Nilizitunga Mimi

Ndugu wasomaji, kosa ni langu, na jina langu sitalitaja. Naogopa! Mpaka leo lori likipunguza mwendo karibu na nyumba yangu, natafuta mlango wa nyuma kwanza, halafu ndiyo nachungulia ni nani.

Nilikuwa naishi Igawa, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapovuka mto Mbarali. Kazi yangu ilikuwa kujaza mafuta kwenye magari. Sikuwa na mke. Nilikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji, na akili yangu yote ilikuwa kwenye muziki.

Dereva mmoja alinizawadia kinasa sauti cha kaseti, vile vya kubeba mkononi, baada ya mimi kumlindia mzigo wake lori lilipomkwamia. Jamani, nilikipenda! Ila sauti yake ilikuwa ya mbu. Ukiweka dansi, gitaa la besi hulisikii kabisa na tarumbeta zinakwaruza.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na changu, aliishi Mama Sekela na mwanawe mdogo. Huyu dada alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mcheshi, mwenye kicheko cha kupita juu ya ukuta. Mumewe, Baba Sekela, alikuwa Mhehe, dereva wa malori ya masafa marefu, na ndiye aliyemletea redio kubwa ya mbao. Redio hiyo ikilia, vikombe vinatikisika kabatini! Lakini Baba Sekela alikuwa ameshaweka amri: asiiguse mtu, hata fundi.

Mimi nikasema moyoni, sitaigusa.

Ufundi redio nilijifunza kwa kuharibu redio za watu, nisiwafiche. Nilikifungua kinasa sauti changu kwa bisibisi, nikachukua koili na transista kutoka kwenye redio mbovu, nikaviunga mahali pa spika. Waya wa antena nikaupitisha juu kwenye kenchi, chini ya bati. Nikawa nageuza koili taratibu, huku nimetega sikio ukutani. Siku ya kwanza kaseti yangu ilipotokea ndani ya redio ya Mama Sekela, nilikaa chini sakafuni. Sijui ilikuwa furaha au hofu.

Kwa sababu pale Igawa redio ya Dar ilikuwa inafika kwa kubembelezwa, kidude changu kiliifunika bila taabu. Nilikuwa nachagua dansi nilitakalo, nalisikia kwenye spika ya jirani, besi inagonga kifuani. Naye anasema uani, "Siku hizi redio yetu inapiga nyimbo nzuri kweli!" Mimi nainama nafua shati langu.

Laiti ningeishia hapo!

Baba Sekela alikwenda Zambia na mzigo, akakawia. Madereva wenzake wakapita, tukawauliza, kila mmoja ana lake. Mama Sekela akaanza kukonda. Kila alasiri, ukifika wakati wa salamu za wasikilizaji, anaacha kazi zake, anaweka kigoda mbele ya redio. Watu wanasalimiwa, majina yanapita, la kwake halipo. Nilikuwa namsikia akiizima na kupenga kamasi.

Sasa nawaambia ukweli wote, maana nusu ungamo ni uongo mtupu. Nilimhurumia. Lakini pia nilipenda kumsikia akicheka, na sitaapa kwamba sikuwahi kumtazama zaidi ya ilivyompasa jirani.

Kwenye mota ya kinasa sauti kuna kitundu kidogo. Ukitia bisibisi nyembamba unabadilisha mwendo wa kaseti. Nikarekodi sauti yangu mota ikienda kasi, halafu nikaipiga ikienda taratibu. Ikatoka nzito, ya mtu mzima, ya mtangazaji kabisa! Nilijisikia fundi wa mafundi.

Nikamtangazia hivi: "Dereva Baba Sekela, aliyeko Iringa ambako gari lake limeharibika, anamsalimu mkewe Mama Sekela wa Igawa. Anasema yeye ni mzima wa afya, asiwe na wasiwasi, anamkumbuka yeye na mtoto."

Alipiga vigelegele mpaka wapangaji wote wakatoka! "Nimesalimiwa! Mmesikia?" Na kweli walisikia, maana redio ile ilikuwa inasikika uani kote. Akamrusha mtoto juu, akalia, akacheka. Mimi nilijifungia chumbani nikijipongeza.

Kesho yake asubuhi nikamkuta amefunga mchele kwenye kikapu, kuku mkononi, mtoto mgongoni.

"Dada, wapi tena?"

"Iringa, kaka. Mume wangu yuko gereji huko, unadhani anakula nini?"

Nikamwambia, "Subiri dada, gari likipona si atakuja mwenyewe? Hajasema uende."

Akanicheka. "Wewe hujaoa bado. Mtu akikuita mbele ya nchi nzima, unakaa?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nilitakiwa kulisema tu, aibu yangu iishe palepale uani. Basi likasimama barabarani, nikambebea kikapu, nikamwinulia mkono wa kwaheri. Mjinga mimi!

Mchana ule akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Hakuwa na utani siku hiyo. Akatukusanya uani.

"Redio yangu jana saa ya salamu ilikuwa inapiga mluzi tu," akasema. "Stesheni imepotea. Mnajua hali ya huko mpakani. Makaburu wa Afrika Kusini wana watu wao. Kama kuna mtu anachezea mawimbi hapa, mgambo watakuja kupekua chumba kwa chumba."

Kila mtu akaangalia mwenzake. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Wakati ule mtu akiitwa jasusi, hata mama yake anamkana. Nilijiona nimefungwa kamba, napelekwa Mbeya nyuma ya Landrova, na hakuna wa kuniuliza nilikuwa napenda muziki kiasi gani.

Jua likiwa bado halijazama nilikichukua kinasa sauti, koili, waya, kaseti, vyote, nikavifunga kwenye gunia na jiwe, nikaenda darajani kama mtu anayekwenda kuoga. Gunia likazama. Nikarudi nyumbani nimepungua mzigo, nikala ugali wangu wote.

Siku iliyofuata lori lilisimama mbele ya nyumba. Baba Sekela! Ametokea upande wa Tunduma, mpakani, siyo Iringa. Mzima, vumbi tupu, na vitenge vya mkewe kwapani.

"Mama Sekela yuko wapi?"

Wapangaji wakashangaa. Mama mmoja akamjibu, "Si amekufuata Iringa? Ulimtumia salamu redioni."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Tulisikia wote kwa masikio yetu."

Vitenge vikamponyoka. Kisha akasema polepole, "Mimi sijatuma salamu kwa mtu. Kuna mwanaume amemwita mke wangu kwa jina langu. Ni alama yao ya kukutana."

Nilihisi mkojo unataka kunitoka, nasema kweli. Alikwenda kwenye lori akachukua spana ya kufungulia magurudumu, ile ndefu ya chuma, akaiweka mbele karibu na kiti chake. Halafu akanielekezea kidole. "Wewe kijana, twende. Wewe ni jirani, utanisaidia kumtafuta."

Ningekataaje? Nikapanda.

Ndugu zangu, safari ile sijui niielezeje! Yeye anaendesha, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Makambako. Spana inagonga bati kila tukipita shimo. Mimi niko pembeni yake na ukweli tumboni. Nikavuta pumzi nikasema, "Kaka..."

"Nini?"

"Kaka, labda ni makosa ya redio."

"Redio haina makosa. Mtu ndiye mwenye makosa. Nikimjua huyo mwanaume, nitampasua kichwa halafu nitajipeleka polisi mwenyewe."

Tukapita Mafinga sijasema. Nilikuwa naomba Mungu tairi lipasuke, injini izime, chochote. Nilikuwa naomba hata tusimkute. Lakini kumbukeni, nilikuwa najiombea mimi zaidi ya yule mama.

Tulimkuta Ipogolo, kwenye gereji za chini ya mji. Maskini, alikuwa anazunguka na kikapu chake, anauliza fundi kwa fundi kama wamemwona mumewe. Alikuwa amelala kwa mama lishe mmoja aliyemwonea huruma. Wakati ule ule tunaingia, fundi mmoja alikuwa anamchezesha mtoto, mama anacheka.

Alipoliona lori alikimbia kuja. Alikimbia na mtoto mgongoni, "Baba Sekela! Nimezipata salamu zako!"

Baba Sekela alishuka na spana.

Hapo ndipo niliposhindwa kukaa ndani ya lori. Niliruka nikasimama katikati yao, nikapiga kelele, "Ni mimi! Salamu nilituma mimi! Hana kosa, ni mimi!"

Mafundi wakaacha kazi wakasogea. Nikaanza kueleza: koili, transista, waya, mota, kaseti. Maneno yalikuwa yanagongana. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyoona uso wake unabadilika, na haukuwa unabadilika kwa kuniamini.

"Kwa hiyo wewe ndiye," akasema. "Mimi niko njiani natafuta mkate wa mtoto, wewe ukuta wa pili unamsalimu mke wangu kwa jina langu."

"Nilitaka afurahi tu, kaka."

"Afurahi!"

Fundi mmoja, mtu mzima, akaingilia kati. "Kijana, kama ni mtambo, ulete watu wauone. Ukilia mbele yetu tutaamini."

"Nimeutupa mtoni."

Walicheka! Watu wazima wale walicheka. Baba Sekela hakucheka. Nilikinga kichwa kwa mkono wa kulia, spana ikatua hapo. Mkono huo mpaka leo haukunjiki vizuri, bisibisi siwezi kushika. Mafundi walimdaka asinimalize.

Baba Sekela mkewe hakumpiga. Ingekuwa nafuu, maana hasira ya kipigo hupoa. Alimfungua mtoto mgongoni kwa mama yake, taratibu, kama anafungua mzigo, akampandisha kwenye lori. Akamwambia, "Nimewajua nyote wawili, sina la kuuliza. Nenda kwenu." Mtoto analia, lori linaondoka, mama analikimbilia huku khanga inamwanguka. Ee Mungu wangu!

Mama Sekela aliporudi nilikuwa nimekaa chini, nimeupakata mkono wangu. Nilidhani atanitukana, nilitamani anitukane. Akasimama mbele yangu akaniuliza jambo moja tu.

"Basi yeye hakunisalimia kabisa?"

Nikatikisa kichwa. Akaokota kikapu chake akaenda zake kituo cha basi. Swali lile linaniuma kuliko mfupa.

Nilijaribu kurekebisha, msidhani sikujaribu. Nilikwenda kwa balozi nikaungama, hata kama ni kufungwa. Akanitazama mkono, akasema, "Ulikuwa wewe? Mluzi ule? Ungekuja siku ile ile na kidude chako, ningekupiga vibao viwili, ningekinyang'anya, yakaisha." Vibao viwili! Na mimi niliogopa kuitwa mtu wa makaburu, nifungwe kamba. Aliwatuma watu kwa Baba Sekela wamweleze. Akajibu kwamba nimemhonga balozi.

Mtoto yuko kwa bibi yake mzaa baba, vijijini kule Iringa. Mama yake yuko kwao Tukuyu. Nasikia kaka zake wanamtazama kwa jicho baya, na kanisani hapewi tena kuongoza kwaya. Mimi nimehama Igawa, niko Mbalizi nauza vitunguu kwa mkono wa kushoto.

Vijana mnaopenda kufungua mitambo, fungueni, sitawazuia, muziki ni mtamu. Lakini mdomo wa mtu usiutie maneno asiyoyasema, hata yawe matamu vipi. Na ukikosea, sema mapema, kosa lako likiwa bado mkononi na watu wanaweza kuliona. Usingoje woga ukuishe. Hauishi! Mimi nilingoja nikafika nao mpaka Ipogolo.

Nawe Baba Sekela, najua madereva mnasoma magazeti mkingoja mzigo. Mkeo hakuwa na mtu, wala mimi hakuwahi kunipa hata mkono. Alikufuata kwa sababu alidhani umemkumbuka. Naandika haya nikijua gazeti hili linaweza kukufikisha kwangu. Njoo basi. Kama hasira yako inataka na mkono wa pili, uvunje. Lakini mrudishie yule mama mtoto wake.