Magoli Yaliyoota Shambani Mwangu

Juzi kapteni wa timu ya mpira ya wanaume, timu ya tawi letu la chuo kikuu hapa Garsen, alikuja kunisomea historia ya timu. Wanataka kuibandika ukutani. Nilisikiliza mpaka mwisho, mtoto ananyonya, mimi nachemka. Eti timu ilianzishwa na wanafunzi wachache wenye maono, wakicheza "kwenye kiwanja cha muda kule kijijini Wema".

Kiwanja cha muda! Lile lilikuwa shamba langu. Na maono gani? Hata jembe hawakuwa nalo.

Basi niandike mimi. Niliishia kidato cha nne, lakini kalamu naishika vizuri tu.

Mume wangu ndiye aliyekuwa golikipa wao wa kwanza. Wakati huo tulikuwa na mtoto mmoja tu, yule wa kwanza, bado mgongoni. Wakubwa wa chuo walisema timu itatambuliwa kwa sharti moja: waialike timu ya makao makuu, wacheze mechi nzima, iishe bila fujo. Ikivunjika, hakuna timu. Vijana wakafurahi, kisha wakakumbuka kwamba hawana pa kuchezea. Mafuriko yalikuwa yamepita na uwanja wa mjini ulikuwa bwawa la vyura.

Shamba langu la kando ya mto, kinyume chake, maji yalikuwa yamelipita na kuliachia tope jipya, limetandazwa sawa kama chapati. Nilikuwa nimeshatenga mbegu. Mume wangu akanitazama kwa yale macho yake ya kuombea chakula cha pili. Nikasema, "Msimu mmoja. Na mkinichezea ovyo nawafukuza wote na viatu vyenu."

Shida ni kwamba shamba nililiita langu kwa mdomo tu. Baba yangu alinipa nilime, hakunipa liwe langu. Kwake, shamba la kudumu ni la watoto wa kiume. Nililipalilia tangu nikiwa msichana, lakini ukiuliza la nani, jibu lilikuwa: la mzee.

Siku ya kusimamisha magoli walikuja na boda boda, wakapiga picha, wakakata nguzo nne za mkuyu mbichi pale pale ukingoni. Kila mtoto wa mtoni anajua mkuyu mbichi ukichomekwa kwenye tope unaota. Na wao walijua. Haraka tu, na uvivu wa kwenda mbali. Kuchimba mashimo ndiyo kukawa sinema. Mwanafunzi wa uhasibu akatoa malengelenge, wa ualimu akasema mgongo unamuuma. Nikawanyang'anya jembe. Mashimo yote manne nilichimba mimi, mtoto mgongoni, nikasimamisha nguzo, nikashindilia udongo kwa kisigino.

"Shemeji, wewe ni mashine!" wakanipigia makofi.

"Mashine inataka chai," nikasema. Hakuna aliyeleta chai.

Siku ya mechi ilipokaribia, nguzo zikatoa majani. Mpira ukipigwa juu unarudi na kijani. Mama mmoja wa Kiorma, jirani yetu, alikuwa akipitisha mbuzi wake jioni wakila yale machipukizi ya chini, anacheka mpaka anashika mbavu. "Mimi nafuga mbuzi," aliniambia, "nyinyi mnafuga goli!" Tukacheka wote. Hakuna aliyemfikiria baba.

Siku ya mechi ikafika. Makao makuu walikuja na basi na jezi zilizopigwa pasi. Wetu walivaa fulana za rangi tatu zinazokaribiana. Watu walitoka vijiji vya Ngao na Hewani, wafugaji wakasimama upande mmoja na fimbo zao mabegani, wanashangilia kuliko sisi. Kipindi cha pili tuko bao moja kwa moja, mara namwona baba yangu anaingia uwanjani, panga mkononi, anaelekea golini kwa mume wangu.

Refa akapuliza filimbi. "Mzee, toka uwanjani!"

"Uwanja gani? Hili shamba."

Akasimama mbele ya nguzo, akamtazama mkwe wake. "Umepanda miti katika ardhi yangu. Nani kakupa?"

Hapo nikaelewa. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, na panapoota mti wako nawe una neno la kusema juu ya hapo mahali. Mume wangu, mkwe wa watu, alionekana anajikatia ardhi mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima. Akabaki ameshika glavu zake, maskini. Baba akiangusha nguzo, mechi imevunjika na timu imekufa.

Nikaingia mbio, mtoto anarukaruka mgongoni.

"Baba, hakupanda yeye! Huyu hajui hata kushika jembe!"

Uwanja mzima ukacheka. Mume wangu pia, akitikisa kichwa kukubali.

"Nani basi?"

"Mimi. Mashimo nilichimba mimi, nikasimamisha mimi, nikashindilia mimi. Waulize."

"Ni kweli mzee," akasema wa uhasibu, akionyesha viganja vyake kama ushahidi. "Sisi tulishindwa."

Baba akazunguka nguzo. Akaisukuma, haikutikisika. Akagusa majani. Aliniangalia kama anayenisoma upya, kisha akageukia watu wote na kusema kwa sauti ya barazani, "Mmesikia? Miti ni ya binti yangu. Na ilipo miti yake ni pake." Akamgeukia refa. "Haya, chezeni. Lakini haraka, anataka kupanda mahindi."

Tulitoka sare na timu ikatambuliwa. Nilipiga vigelegele mpaka mtoto akalia.

Leo wana uwanja wao mjini, na magoli ya chuma. Mimi nina mikuyu minne, minene, na kati ya goli na goli napanda mahindi yangu, wala sina haja ya kumwomba mtu. Kapteni nimemrudishia karatasi yake. Nimemwambia afute "kiwanja cha muda", aandike shamba la nani, na nani alichimba. Akasema, "Sawa shemeji, tutarekebisha."

"Na safari hii," nikamwambia, "njoo na chai."