Kinanda cha Bibi Kilivyojikokota

Hivi wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Nimesimama Dengfeng, mtaa wa hapa Guangzhou, asubuhi hii, mifuko ya sampuli mikono yote miwili, simu inaita. Dada yangu, kutoka Bukoba. Bibi anaumwa, chakula hataki, anachotaka ni kimoja tu: kusikia kile kinanda cha Jumamosi. Kanda yenyewe ililiwa na redio zamani. "Si uko China wewe? Utakikosa kweli?" Ndivyo walivyo watu wa nyumbani. Kwao China ni duka moja kubwa, na mimi ndiye niliyekaa kaunta.

Kanisani kwetu hakukuwa na kinanda. Mchungaji wa Kidenmark aliyeondoka kabla sijazaliwa aliacha kanda moja ya muziki wa kinanda, kazi ya mtunzi wa kwao, akamkabidhi Bibi. Basi kila Jumamosi Bibi alitukusanya wajukuu tukasafishe kanisa. Tulifagia kinyesi cha popo, tukapangusa mabenchi, na yeye akaweka redio kaseti dirishani. Betri zilikuwa kuukuu siku zote. Alizianika juani pamoja na kahawa, zikapata nguvu kidogo, muziki ukaanza kujikokota. Nilichoka, jamani! Njaa inauma, ndizi na maharage viko jikoni, harufu inatufikia kabisa, na wimbo hauishi. Ukinung'unika, Bibi anakwambia, "Unakimbilia wapi, mama? Chungu hakina miguu."

Kanisa zima likazoea mwendo ule. Wageni wakija kuimba nasi walimaliza ubeti sisi tukiwa bado mstari wa pili, wakabaki wanatutazama.

Sasa nitafute kaseti Guangzhou mwaka huu! Laobani wa duka la simu, ndivyo tunavyomwita mwenye duka hapa, hata hakuinua kichwa. "Meyo," akasema, yaani hakuna. Wa pili meyo, wa tatu akacheka. Nikamwomba dada anipigie picha ya jalada la kanda lililobaki, nikasoma jina la mtunzi, nikautafuta muziki kwenye simu. Upo! Umerekodiwa upya, safi kabisa. Nikatuma, nikashusha pumzi.

Haikupita robo saa. "Bibi anasema siyo huu." Nikatuma uliopigwa na mtu mwingine. "Siyo. Anauliza huyo mpigaji anafukuzwa na nani." Loo! Nilitaka kuitupa simu. Nimetuma rekodi tano, zote zimekataliwa na mgonjwa asiyeweza hata kukaa kitako.

Ndipo nikazikumbuka betri. Hakuna Mdenmark aliyewahi kupiga vile. Muziki tuliokua nao ulitengenezwa na mtunzi pamoja na betri zetu mbovu, na hauuzwi popote. Nikapunguza mwendo kwenye simu mpaka ukaanza kuburuza miguu, nikautuma huku nimekunja uso.

Na kwa mwendo ule kupotea simlaumu mtu. Kinanda cha umeme kilichoko kanisani leo nilikituma mimi, kutoka hapa hapa, na nikajisifu sana. Kina ngoma ndani yake. Siku hizi nyimbo zinakwenda mbio, kanisa linafagiliwa na mtu wa kulipwa, wajukuu tumetawanyika, na redio ya Bibi hakuna anayejua iliko.

Dada amepiga tena mchana, nikiwa Shisanhang, soko la nguo, nimekaa kwenye ngazi, watu wananipita na marobota. Bibi amesikiliza mpaka mwisho. Amekunywa uji vijiko vitatu. Kisha amesema, "Kinanda nimekisikia. Sasa na yeye aje."

Nimejikuta nimekasirika, sijui hata nimkasirikie nani. Laobani wa nguo ananiita nikachague rangi, namwambia subiri. Kila mwaka nasema mzigo huu ukiondoka nitakwenda nyumbani. Miaka sita wameniagiza simu, matairi, mapazia, na vyote nimetuma. Leo, kwa mara ya kwanza, Bibi ameniagiza mimi.