Kuni za Mukhtar

Prabha alipofiwa na mume wake, theluji ilikuwa imeziba njia zote za kutoka bonde la Kashmiri, na watoto wao walikuwa Jammu, upande wa pili wa milima. Wahindu wenzao walishauhama mtaa ule zamani, miaka ya bunduki, waasi walipoanza kupigana na jeshi. Walibaki wao wawili, wazee wakaidi, wasiotaka hata kusikia habari ya kuhama.

Maiti ya Mhindu huchomwa, na kuni hazikuwepo. Prabha alikaa kando ya mumewe akiwaza kuvunja kitanda. Ndipo akaingia Mukhtar, jirani yao Mwislamu mwenye tanuri la mikate, theluji mabegani.

"Mama, kuni ziko kwenye mkokoteni. Twende."

"Kuni za wapi?"

"Zangu."

"Na mikate utaokea nini?"

"Watu watakula wali. Inuka, mama."

Zilikuwa akiba yake ya majira yote ya baridi. Wanaume wa mtaa, Waislamu watupu, walimbeba marehemu hadi mtoni. Prabha akawasha moto kwa mkono wake mwenyewe, Mukhtar amemshika kiwiko asianguke.

Tanuri lilipokosa moto, maneno yakaanza. Kijana mmoja alimsimamisha Mukhtar njiani, Prabha akisikia.

"Siku hizi unaoka Mabaniani?"

"Ukifa nawe nitakuoka, ukitaka."

Watu walicheka. Kijana hakucheka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Mukhtar alipigwa risasi alfajiri akifungua duka. Wengine walisema askari walimfananisha na mtu mwingine. Wengine walinong'ona habari za kuni. Ukweli haukujulikana, lakini Prabha aliamini ni kuni, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Nyumba ya msiba haiwashi jiko. Chakula huletwa na majirani. Prabha alipika wali na mboga za majani, akavuka uchochoro na sufuria. Wanawake waliojaa chumba cha msiba nyumbani kwa Mukhtar wakageuka kumtazama. Mmoja akasema chinichini, "Chakula cha Baniani, leo?"

Prabha akasimama mlangoni, sufuria ikimuunguza viganja, asijue aingie au arudi.

Zuni, mama wa marehemu, alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mwanawe azikwe. Akainua macho.

"Dada, umetia pilipili?"

"Kidogo."

"Niletee."

Alikula, machozi yakidondokea wali. Wengine wakasogea, si wote.

"Kama nisingechukua kuni zake..." Prabha alianza.

"Nyamaza," Zuni akamkatiza. "Hukuchukua, alikupa. Usimnyang'anye na hilo."

Njia zilipofunguka, watoto walikuja kumchukua Prabha. Alikataa. Tanuri halikuwashwa tena, na yule kijana anapopita husalimia huku akitazama chini. Jioni Prabha humpikia Zuni, ambaye akili imeanza kumpotea. Siku nyingine humwita Prabha kwa jina la Mukhtar, naye Prabha huitika.