Nilimwambia Asipepese Macho

Jamani, aliyemharibia macho binti yule ni mimi. Si jua, wala si ukaidi wake, kama nilivyomwambia baba yake. Ni mimi, mwalimu wake! Nimelificha jambo hili miaka minne. Leo nalitoa, mnihukumu mnavyoona.

Wakati wa vita nilikuwa askari, nikatiwa katika kikundi cha kuwachezea wenzetu michezo ya kuigiza kambini. Kazi yangu ilikuwa taa. Niliona kwa macho yangu mpishi wetu akigeuka mfalme kwa taa mbili tu! Vita vilipokwisha nikasomea ualimu, nikapelekwa shule moja ya misheni karibu na Njombe. Nikasema, watoto wa Ubena nao wataijua kazi hii.

Umeme hatukuwa nao. Karabai ilikuwa moja, tena ya kanisa. Basi nikatumia jua. Tuliziba madirisha ya darasa kubwa kwa mablanketi, tukaacha mlango na nafasi mbili ndogo. Nje niliweka wanafunzi watatu: mmoja ana kioo kikubwa tulichoazimwa dukani mjini, wawili wana mabati ya debe yaliyosuguliwa kwa majivu mpaka yakang'aa. Walilinasa jua na kulitupa ndani, jukwaani.

"Nuru ya mbele inaonyesha uso," niliwafundisha. "Ya ubavuni inatoa umbo. Ya nyuma inamtenga mtu na ukuta."

Wakajaribu wenyewe. Mmoja akafunika nafasi ya dirisha kwa karatasi nyekundu za peremende, jukwaa likawa kama machweo. Walipiga vigelegele! Vijana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, wanabishana kivuli kiangukie wapi. Sijapata kuwa na furaha kama ile darasani.

Kiburi changu kilianzia pale.

Tulitunga mchezo wa mwana aliyepotea, tukamtia na mama anayesimama akitazama njia kila siku. Mama huyo alikuwa msichana nitakayemwita Tumaini, ingawa si jina lake. Alikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma, na sauti yake ilifika ukuta wa nyuma bila kupiga kelele.

Njia aliyoitazama ilikuwa mlangoni. Na mlangoni ndipo kilipokuwa kile kioo kikubwa.

Ulikuwa msimu wa baridi. Ukungu ukishaondoka, jua la huku huwa jeupe, kali. Nuru ya kioo ikimpiga usoni, Tumaini aligeuza kichwa. Mimi nikafoka: "Itafute nuru! Mama anayemngoja mwanawe hageuki! Usipepese macho!"

Akatii. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima. Ole wangu! Kambini taa zetu zilikuwa taa tu. Hili lilikuwa jua lenyewe, nami sikufikiri tofauti yake.

Asubuhi moja alinijia kabla ya kengele.

"Shikamoo, mwalimu. Mwalimu, naona doa."

"Doa gani?"

"Jeusi. Nikikutazama usoni, uso haupo. Naona mabega tu."

Wenzake walicheka. Nilidhani ananidhihaki, au anaikwepa kazi. Nikamwambia asome ubaoni. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, asiweze. Mtoto aliyekuwa wa kwanza! Nikamchapa viboko viwili vya mkononi kwa utundu, kisha nikamrudisha mbele ya kioo.

Mkono huu ulioshika fimbo ndio unaoandika.

Siku ya mchezo wazazi walijaa. Walikuja wageni wakubwa wa serikali na wa misheni. Tumaini alisimama katika ile nuru, machozi yakimtiririka, na watu wakalia pamoja naye. Walidhani anaigiza. Nilipongezwa, nikashikwa mkono, nikaambiwa mwalimu kama mimi hafai kukaa mahali padogo.

Baadaye mganga wa hospitali ya misheni alimtazama macho. Akasema sehemu ya katikati imeungua, haitarudi. Ataona njia, ataona ng'ombe, lakini herufi hataziona, wala uso wa mtu anayemtazama. Akaniuliza, "Amelitazama jua?"

Ndipo nilipojua. Nilijua pale pale! Nikanyamaza.

Baba yake alikuja kwa miguu kutoka Wanging'ombe. "Kamwene, mwalimu," alisalimu, amevua kofia. "Nimekuja unieleze. Wewe ndiye mzazi wake wa huku."

Nikamjibu, "Baba, mtoto wako ana tabia ya kulitazama jua. Tumemkataza, hasikii."

Tumaini alikuwa amesimama kando yetu. Aligeuza uso wake upande, maana ndiyo njia pekee iliyombakia ya kuniona, akanitazama hivyo mpaka baba yake alipomvuta mkono.

Hakurudi shuleni tena. Mimi nilipewa shule Makambako, nikawa mwalimu mkuu. Sikugusa tena mambo ya jukwaa. Vijana wakiniomba mchezo nilisema hakuna nafasi. Mke wangu aliniuliza mara nyingi nina nini; nilimjibu ni tumbo.

Mwaka huu, gulioni Makambako, niliuliza bei ya kikapu cha njegere. Mwuzaji akageuza uso upande.

"Shikamoo, mwalimu."

Tumaini alinijua kwa sauti! Anakaa kwa shangazi yake huko Lyamkena. Nikachutama mbele ya kikapu, nikamwambia yote: kioo, viboko, uongo wangu. Watu walipita, sikujali.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Mimi nayajua hayo, mwalimu. Mimi nilikuwapo. Asiyejua ni baba. Nilimwambia, akasema mwalimu hawezi kusema uongo. Nenda ukamwambie yeye."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Wanging'ombe, mimi, Tumaini na shangazi yake. Mzee alitukaribisha, akanipa kigoda. Nikasema. Maneno yalinitoka kama mtu anayetapika.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige!

Hakunitazama hata mara moja. Aliinuka, mzee mwenye mvi, akampigia binti yake magoti kwenye majivu ya mekoni. Akamwambia kwa Kibena kwamba kwa miaka minne amemwita mwongo, amemkatalia kukaa kwake, amemtuma mbali kwa shangazi kwa aibu. Akamwomba amsamehe. Tumaini alimpapasa baba yake kichwa, akalia kwa sauti.

Aliyedanganywa ndiye aliyetangulia kupiga magoti. Mimi niliyedanganya nilikuwa bado nimekalia kigoda nilichopewa! Nilipoinuka nipige magoti nami, mzee alisema kwa Kiswahili, "Wewe nenda, mwalimu. Leo acha niwe na mwanangu."

Nikaenda. Nilimwendea msimamizi wa shule, nikaeleza yote. Akasema mambo hayo ni ya zamani, nisiyafukue. Hakuna aliyeniadhibu. Ndiyo maana nimeandika hapa gazetini, wasomaji wenzangu. Msinifariji!

Wewe unayefundisha, mtoto akikwambia haoni, usiichukue fimbo. Mchukue yeye, mpeleke kwa mganga siku ile ile. Na wewe unayejua kazi moja ya kupendeza, usiwaonyeshe watoto uzuri wake tu bila hatari yake.

Lakini zaidi ya yote, ukikosa, sema mapema, na useme mbele ya yule yule uliyemdanganya. Macho ya Tumaini niliyaharibu bila kujua. Jina lake, nyumbani kwao, nililiharibu nikijua.