Jina la Kijiji cha Veikko

Sisi tuliokulia Kwemlungu, kule milimani Usambara, tulijuana kwa makovu ya magoti. Tuliyapata nyuma ya shule, tukishuka mteremko kwa magome ya migomba hadi kaptula zichanike. Asubuhi kila mtoto alibeba ukuni mmoja wa jiko la shule. Ukungu ulikuwa mzito, mwenzako wa mbele humwoni, unamsikia tu akitafuna muwa wa kuiba. Mama alizoea kuniambia, "Ukiulizwa wewe nani, taja kijiji kwanza. Jina lako nani analijua?"

Haya yote nilimsimulia Veikko, Mfini mwenye masikio makubwa niliyeosha naye vyombo katika jiko la hospitali moja hapa Stockholm, miaka ya themanini. Tulizungumza Kiswidi cha kuokoteza. Naye alinisimulia utoto wake: kwenda shule kwa mbao za kuteleza thelujini, viazi vya moto mfukoni vya kupasha vidole, vinavyoliwa saa nne. Kijiji chao kilikuwa na halmashauri yake, ndogo kiasi kwamba mwenyekiti ndiye aliyekuwa kinyozi.

Kisha mji jirani ukaimeza ile halmashauri. Veikko akaniomba tupande meli pamoja hadi Ufini, tukaione siku ya kung'oa kibao cha jina la kijiji.

"Wazazi wangu wamekufa," alisema. "Nataka mtu mmoja anayenijua akione kikiwa bado kimesimama."

"Nitakuja, ndugu yangu."

Sikwenda. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na zamu. Nje kulikuwa na baridi, nikaona safari ni ndefu mno kwa ajili ya ubao, nikajifunika blanketi. Jumatatu nikamtania, "Vipi, matanga ya kibao yamekwisha?"

Veikko aliendelea kusuuza sahani. "Kilikuwa kizito kuliko tulivyodhani," alisema. Hakunialika tena mahali popote.

Alipostaafu alirudi Ufini. Kila Krismasi alinitumia kadi, na kila kadi ilianza hivi: "Kwemlungu hawajambo?" Mpaka kadi zikakoma.

Kwemlungu nayo siku hizi ni mtaa wa mji. Nilipopata habari hizo nilimweleza mjukuu wangu, hapa mtaani kwetu Rågsved. Wenzetu hawa vijana wanashuka mteremko kwa kidole, kwenye michezo ya simu, na kaptula haichaniki. Alinijibu kwa Kiswidi, bila kuinua macho, "Babu, si ni palepale tu?" Ningeweza kumkaripia, lakini mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima nilipowaza hivyohivyo.

Hakuna tena anayeniulizia Kwemlungu. Wakati mwingine naazima simu ya mjukuu, natafuta kijiji cha Veikko kwenye ramani, nikizunguka ule mji jirani. Alikuwa akilitaja jina la kijiji hicho kila siku tukila. Silikumbuki. Mimi nilizoea kusema "kwenu" tu.