Maharage ya Avelina

Salha alizaliwa Wete, Pemba, na kwao anga haliaminiki hata kidogo. Joto linakubana, nguo zinagoma kukauka, upepo unakatika ghafla, na kabla hujamaliza kusema kuna wingu, mvua imeshafika. Ndiyo maana karafuu zikiwa juani kila mpita njia ni mlinzi. Tone la kwanza likidondoka mtu hupiga kelele ya "anueni", na anayesikia hukunja jamvi lililo karibu naye, liwe la yeyote. Hata waliogombana huanuliana. Wakimaliza wanarudi kwenye ugomvi wao.

Tabia hiyo Salha alihama nayo mpaka Makambako, alikomfuata mumewe Halfan, msafirishaji wa mbao. Baridi ya huku ilimtesa, akawa anauza kanga dukani huku mwenyewe amejifunga tatu na sweta juu, majirani wakimtania. Anga la huku hakulijua. Wingu la Makambako linaweza kununa kutwa nzima, upepo ukalisukuma, na jioni likatoweka bila kudondosha kitu.

Mwezi wa kumi jirani yake Avelina, Mbena mwenye bustani bondeni, alianika maharage kwenye turubai uani, akaenda sokoni. Wingu likanuna. Salha akayaanua yote, akayaweka sebuleni kwake, akafunga mlango na kwenda dukani. Avelina aliporudi akakuta turubai tupu. Mtaa mzima ukamtafuta mwizi, na maharage yakaonekana kwa Salha, na mvua yenyewe haikunyesha. Avelina alicheka mpaka akakaa chini. Prisila wa nyumba ya tatu hakucheka. Alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hawa wageni ukiwazoesha uwanja watahamia mpaka jikoni.

Maneno hayo yalimchoma Salha. Alijiona mwizi kweli, akawa anapita njia ya nyuma asionane na watu. Halfan akamwambia aachane na vitu vya watu, naye akaapa kuachana navyo.

Novemba Avelina alianika tena, safari hii maharage yote yaliyobaki: mbegu, na chakula cha sherehe ya kipaimara ya binti yake Janeth. Akapanda basi kwenda Njombe kumwona mgonjwa. Mchana upepo ukakatika. Hewa ikawa nzito, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Salha akalisikia joto la kwao kwenye ngozi. Hii ilikuwa mvua, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Akaenda mlangoni, akashika kitasa, akamkumbuka Prisila, akarudi dirishani.

Muda wa kuanua ulikuwepo, tena wa kutosha, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Tone la kwanza lilipogonga bati, mdomo wake ulifunguka wenyewe kusema anueni, akauziba kwa kanga. Mvua ikamwagika. Maharage yakaelea, yakavuka ukingo wa turubai, yakaingia mtaroni, naye anatazama. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Pemba hata adui yake asingemfanyia hivyo.

Avelina alirudi jioni ameloa chapachapa, akamkuta Salha amepiga magoti kwenye tope, anaokota. Hakufoka. Alimsalimu kamwene, salamu yao ya kila siku, akainama wakaokota pamoja. Mengi yalikuwa yamekwenda na maji, na yaliyobaki yalikuwa yamevimba.

"Wingu nililiona nikiwa Njombe," alisema Avelina. "Nikasema nimeanika maharage, wenzangu wakaanza kunipa pole. Nikawaambia sina wasiwasi, nyumbani yupo dada Salha."

Salha hakujua aweke wapi uso wake. Akaendelea kuokota.

"Ulikuwa umelala, dada?"

Salha akasema ndiyo, alikuwa amelala. Avelina akamshika bega kwa mkono wenye tope, akamwambia pole.