Eda Iliyofutwa London

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu katika wizara, hapa Muscat, ilikuwa kuthibitisha kwamba watu walifanya kazi pale waliposema walifanya, tangu siku waliyoitaja mpaka siku waliyoitaja. Nilikuwa mkuu wa sehemu ya kumbukumbu za watumishi. Kila aliyeingia na kila aliyetoka alikuwa na jalada, na kila jalada lilikuwa na tarehe mbili ambazo nilikuwa tayari kuzitetea mbele ya yeyote. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza lilianza na tarehe zilizokuwa sahihi, na likaharibiwa na watu ambao kwao tarehe ni kama rangi ya ukuta: ikiwachukiza, wanapaka nyingine.

Nawakusudia mawakala wa ajira wa Uingereza.

Nilipoanza kazi tulimjua mmoja tu. Alikuwa mzee mwenye mvi, akija kila msimu wa baridi na mkoba wa ngozi, akiketi mbele ya meza yangu na kuomba majalada ya watu waliomaliza mikataba yao kwetu. Sikumpenda sana, maana alikuwa akinywa kahawa yetu bila ya kushukuru. Lakini alikuwa akisoma. Alisoma kila karatasi, akauliza maswali yenye maana, kisha akamwita mtu mwenyewe na kumtazama usoni. Katikati ya miaka ya tisini akastaafu. Kampuni yake ikanunuliwa na kubwa zaidi, na hiyo kubwa ikanunuliwa na nyengine, hata kichwa cha barua zao kikabadilika mara tatu katika jalada langu moja.

Badala yake wakaja vijana wa simu. Kila mmoja wao aliitwa mshauri, ingawa sikupata kusikia wamemshauri mtu jambo lolote. Walilipwa kwa idadi ya watu waliowaweka kazini, na nilipokuwa ndiyo kwanza nimeizoea sauti ya mmoja, alikuwa keshaondoka, na aliyekaa kwenye kiti chake hajui lolote alilokuwa akilijua mwenziwe. Walinipigia simu nyumbani kwangu, mtaa wa Hail, siku ya Ijumaa, wakati natoka kwenda msikitini, kwa kuwa hawakuweza kuelewa kwamba mapumziko yetu ni Alkhamisi na Ijumaa. Jumapili, nilipokuwa mezani na kalamu mkononi, huko kwao hapakuwa na mtu.

Yote hayo nayavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni hili. Serikali ilizitaka kampuni binafsi ziwaajiri Waomani, na kampuni hizo, badala ya kufungua milango na kutazama nani amesimama nje, zikaukabidhi mlango wenyewe kwa London. Ikawa mtu anayekaa Ghubra, akitaka kazi katika ofisi iliyo mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka kwake, lazima apeleke wasifu wake Uingereza kwanza, uchapwe upya kwenye karatasi ya wakala, uondolewe jina na anwani ili kampuni isije ikamtafuta yenyewe, kisha urudishwe Muscat kama bidhaa iliyotoka ng'ambo. Mwenyewe haonyeshwi kilichoandikwa. Hilo nalo waliliita huduma.

Mama mmoja wa Ghubra aliwahi kuwa mfasiri katika sehemu yangu, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ni mtu wa kwetu, aliyezaliwa Unguja kama mimi na kuletwa hapa akiwa mtoto. Katika mwezi wa mwisho wa mkataba wake wa tatu mumewe alifariki. Hakuandika mkataba mpya. Alikaa eda nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi kama inavyompasa mjane, na alipotoka eda akapata kazi katika zahanati moja ya binafsi, akiweka kumbukumbu za wagonjwa. Miaka michache baadaye, kampuni moja ya bima ikatangaza nafasi ya mfasiri. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na kazi aliijua. Akapeleka wasifu wake London kwa faksi, kama tangazo lilivyoagiza.

Baada ya wiki chache wakala aliniletea fomu ya kuuliza tarehe zake. Nilizijaza siku hiyo hiyo, nikapiga mhuri, nikairudisha. Nilifurahi, maana nilijua nafasi ile ni yake.

Asubuhi moja akaingia ofisini kwangu bila ya kupiga hodi, jambo ambalo hakupata kulifanya hata siku moja. Hakukaa.

"Ami, umewaandikia nini?"

Nikamuuliza nani. Akaniambia kwamba amepigiwa simu kutoka London na kuambiwa nafasi ameikosa kwa sababu tarehe alizozitaja zinapingana na tarehe za wizara, na kwamba wakala hatamshughulikia tena mtu aliyetoa taarifa za uongo.

"Mimi nnaitwa mwongo," akasema. "Kwa mkono wako."

Nilikwenda kabatini nikatoa jalada lake. Tarehe niliyoiandika ndiyo iliyokuwamo. Naye akafungua mkoba akatoa nakala ya faksi aliyoipeleka. Tarehe ilikuwa hiyo hiyo, na chini yake, kwa Kiingereza kilichonyooka, alikuwa ameandika kwamba baada ya hapo alikaa eda ya mumewe, na muda wake. Tukaziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza. Hazikupingana hata kwa siku moja. Basi palikuwa na karatasi ya tatu mahali fulani, ambayo sisi sote wawili hatujaiona.

Meneja wa utumishi wa kampuni ile ya bima naye ni mtu wa kwetu; baba yake na baba yangu walikaa mtaa mmoja Unguja. Sikumwendea ofisini, nikijua hatanionyesha kitu mbele ya watu. Nilimngojea Alkhamisi kwenye soko la Mawaleh, anakonunua matunda ya wiki. Nikamkuta ameinama juu ya matikiti, analigonga moja kwa vidole na kusikiliza.

Nilimweleza. Hakukataa.

"Shekhe wangu, mimi mama yule nnamjua, na mama yake nnamjua," akasema. "Lakini mimi siajiri tena. Mimi nnaletewa watu. Hata nikitaka kumwajiri mke wangu, lazima apitie London."

"Na tikiti hilo je? Limepitia London?"

Akacheka, akaliweka chini.

"Tikiti unaligonga mara tatu kabla ya kulitia kwenye gari," nikamwambia. "Mtu humgongi hata mara moja."

Hakucheka tena. Siku ya Jumamosi akaniletea, ndani ya bahasha isiyo na jina, nakala ya wasifu kama wakala alivyouleta kwake. Ulikuwa umechapwa vizuri, na jina limeondolewa. Mstari wa eda haukuwamo. Na tarehe ya kuondoka wizarani ilikuwa imesogezwa mbele kwa karibu miezi mitano, ikafika mpaka siku aliyoanza zahanati, ili pasionekane nafasi yoyote katikati.

Naomba msomaji alifahamu vyema jambo hili, maana mimi nililisoma mara tatu kabla ya kuliamini. Mtu mmoja wa wakala aliibadilisha tarehe. Mtu mwengine wa wakala huyo huyo, katika idara yao ya uhakiki, akaniandikia mimi kuniuliza tarehe. Nilipoitaja ya kweli, akaandika kwamba mama yule ni mwongo. Uongo ulitoka kwao, na waliougundua ni wao, na aliyehukumiwa ni mjane aliyeandika kweli.

Nikapiga simu. Mshauri aliyeibadilisha tarehe alikuwa ameshaacha kazi, na aliyemfuata pia. Nilizungumza na wa tatu, msichana mwenye sauti ya upole, akaniambia kwamba wasifu wa kila mtu hupangwa upya, kwa sababu pengo la miezi huwatisha waajiri.

Nikamwambia si pengo, ni eda.

Akaniuliza kama hiyo eda ni mafunzo, na kama mhusika alipewa cheti.

Nilimweleza ni nini. Alinipa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema kwamba fomu yao ina sababu tano tu, ugonjwa, uzazi, masomo, safari na kutokuwa na kazi, akaniuliza nachagua ipi. Nikamwambia sichagui, nataka barua inayosema kwamba kosa ni lao. Akasema barua ya namna hiyo hana mamlaka ya kuiandika, na mwenye mamlaka hayupo, na kwamba nafasi yenyewe imeshajazwa, kwa hiyo haoni faida ya barua.

Faida yake niliiona mimi, kwa sababu mama yule aliniambia hivi: "Kazi yao siitaki tena, Ami. Nnataka tu waandike kwamba sikusema uongo." Wakala yule ndiye aliyeshika milango ya nusu ya kampuni za mji huu. Neno waliloliandika dhidi yake lingemfuata kokote atakakoomba kazi, na yeye hangelijua.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikupata kulifanya kabla wala baada yake. Juu ya meza yangu palikuwa na fomu nyengine za wakala huyo, kumi na moja, za watu waliowahi kufanya kazi kwetu. Bila ya mhuri wangu hakuna hata mmoja ambaye angewekwa kazini, na bila ya mtu kuwekwa kazini wakala hapati kitu. Nikazitia zote kwenye saraka ya meza, nikaifunga kwa ufunguo. Nikawaandikia London kwamba sehemu yangu haitathibitisha tarehe za mtu yeyote mpaka warekebishe za mmoja.

Zilipita wiki saba. Simu zilikuja, kwanza za upole, baadaye za ukali, na mimi nikijibu kila mara kwa sentensi ile ile. Nakiri kwamba nilikuwa nikiifurahia.

Katika wale kumi na mmoja alikuwamo Mkenya mmoja, fundi wa maabara aliyefanya kazi kwetu miaka minne, mtu mtaratibu, asiyekosa kazini hata siku moja. Mkataba wake kwetu ulikuwa umekwisha, na wakala alikuwa amemtafutia nafasi katika kampuni nyengine hapa hapa. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kinakaribia mwisho. Alikuja ofisini mara tatu.

"Mzee, ile barua yangu imefika wapi?"

Nikamjibu kwamba iko kwenye utaratibu. Saraka ilikuwa karibu na goti langu.

"Sawa, Mzee. Basi nitapitia tena Jumamosi."

Mara ya tatu alisimama kidogo mlangoni, akauliza kama kuna kosa lolote alilolifanya. Nikasema hakuna. Baada ya hapo hakurudi.

Barua ya London ilifika kwa faksi, mistari minne, imetiwa saini na mkurugenzi. Ilisema kwamba wasifu ulibadilishwa na ofisi yao bila ya kumshirikisha mhusika, kwamba tarehe zake za asili zilikuwa sahihi, na kwamba maelezo yaliyoandikwa dhidi yake yamefutwa. Neno la kuomba radhi halikuwamo. Nikaipeleka Ghubra mwenyewe, alasiri hiyo hiyo. Mama yule aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Akanishukuru. Kisha akaniuliza nimewapataje, maana watu wale hawaandiki bure, na mimi, kwa kiburi cha ushindi, nikamweleza habari ya saraka.

Aliikunja barua, akaiweka mapajani.

"Wangapi walikuwa wakingoja barua zako?"

"Kumi na mmoja."

"Nao walisema uongo?"

Nikasema hapana.

"Basi umewafanyia waliyonifanyia mimi, Ami." Hakuipandisha sauti. "Kawaombe radhi. Mmoja mmoja."

Nilikasirika. Nilirudi Hail nikiwa nimekasirika, nikijiambia kwamba nimemtetea na hana shukrani. Lakini asubuhi niliifungua saraka, nikajaza fomu zote kumi na moja, na kwa wiki nzima baada ya kazi nikawa nazunguka mji. Saba walikuwa bado na nafasi zao. Watatu walizikosa wakapata nyengine. Mmoja wao aliniambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na niliyastahiki.

Yule fundi alikuwa akikaa pamoja na wenzake watatu katika ghorofa moja Ghubra, nyuma ya maduka. Mmoja wao alinifungulia mlango, akiwa bado na sare ya hoteli anakofanya kazi. Akanikaribisha, akaniambia kwamba mwenzao kibali kilimwishia, na alipanda ndege kurudi kwao wiki iliyopita. Nikampa bahasha yenye barua ya uthibitisho ampelekee.

Aliitazama mihuri. "Sasa hii itamsaidia nini, Mzee?"

Nikamwambia aifungue, asome mstari wa mwisho. Akasoma polepole. Juu zilikuwamo tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka. Na chini yake nilikuwa nimeandika kwamba uthibitisho huu umecheleweshwa kwa wiki saba, kwa makusudi, na mkuu wa sehemu aliyetia saini hapa, bila ya kosa lolote la mhusika.

Akaniuliza kama barua ya serikali inaruhusiwa kuandikwa hivyo.

"Hairuhusiwi," nikamjibu.